Chuma cha vitumbua kisichoshika: kukiivisha, kukitunza na kukifufua

Vitumbua vikigoma kutoka, wa kwanza kulaumiwa ni mchele, wa pili hamira, wa tatu tui. Chuma huulizwa mwisho, na mara nyingi ndicho chenye kosa. Kishimo ambacho hakijaivishwa, yaani hakijapakwa mafuta yakachomwa mpaka yakawa ngozi, au kilichosuguliwa jana kwa waya mpaka kikawa cheupe, kitashika kitumbua hata rojo liwe zuri namna gani.

Tatizo linaanzia kwenye malezi ya jikoni. Tumezoea kwamba chombo safi ni kinachong'aa: majivu, kumbi la nazi, nguvu ya mkono, mpaka ujione uso. Kwa sufuria ya alumini sawa. Kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, usafi huo ndio unaokiua. Chuma kilicho safi ni cheusi, kinateleza, na ukikipitisha kidole hakiachi rangi. Weusi ule si masizi. Ni mafuta yaliyoiva yakageuka ngozi ngumu, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu na kukiachia kitumbua kitoke kwa kijiti kimoja.

Maelezo haya yanahusu zaidi chuma cha vitumbua, kile wengine wanachokiita kikaango au karai la vitumbua, kwa sababu vishimo vyake ni vigumu kuivisha kuliko kitu bapa. Tawa la chapati na karai zito la kusubu hufuata kanuni zile zile, kwa urahisi zaidi.

Kwanza hakikisha ni chuma

Sokoni vyombo viwili hufanana: kimoja cha chuma cha kusubu, kingine cha alumini ya kusubu iliyopakwa rangi nyeusi. Chukua sumaku, hata ile ndogo ya kwenye spika mbovu ya redio. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ni alumini. Uzito nao unasema: chuma kina uzito unaozidi ule wa alumini mara mbili na nusu kwa ukubwa ule ule, hivyo chombo cha vishimo saba unachokiinua kwa vidole viwili bila kuhisi kitu hakiwezi kuwa chuma.

Tofauti hii si ya majina tu. Alumini haipati kutu nyekundu na haihitaji kuivishwa kwa namna ile ile, na baadhi ya dawa za kusafishia chuma zitakazotajwa chini huila alumini mpaka itoboke.

Ukiwa bado dukani, fanya mambo matatu. Kining'inize kwa mpini, kigonge kwa funguo: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kiweke mezani ukibonyeze pembeni. Kikiyumba, kitako chake hakijanyooka na kwenye jiko la gesi kitakusumbua. Halafu pitisha kidole ndani ya kila kishimo. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu ya mchanga huwa na vipele vidogo, na hivyo si kasoro, kwa kuwa ngozi ya mafuta hupata pa kushikilia. Kasoro ni shimo dogo la hewa au ncha kali. Kitumbua kitang'ang'ania pale pale kila siku.

Mafuta gani

Mafuta yanapopakwa kwa utando mwembamba sana, yakapata joto kali na hewa, chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na kukishikilia chuma. Yanaacha kuwa mafuta. Hayafutiki tena kwa kitambaa na hayayeyuki kwa maji ya moto. Ila si mafuta yote yanayoweza kazi hiyo sawasawa. Yanayokauka vizuri ni yale ambayo kwa asili ni maji maji na hayagandi kwenye baridi.

Wakemia hupima tabia hii kwa namba ya iodini. Ikiwa kubwa, mafuta hukauka kwa urahisi. Mafuta ya nazi yana 6 hadi 11 tu. Mawese yako kwenye 50 hadi 55. Karanga ni kama 90, ufuta na pamba hupita 100, na alizeti ya kawaida pamoja na soya huwa karibu 120 hadi 140. Kwa hiyo mafuta ya nazi, ambayo mtu wa pwani angeyafikiria kwanza, ni mabaya kuliko yote kwa kazi hii: yataungua na kutoa moshi bila kuacha ngozi ya maana. Samli na siagi nazo hazifai kuivishia: zote mbili huganda, na siagi ina chembe za maziwa zinazoungua mapema. Kupikia, pika kwa unachopenda. Kuivishia, tumia alizeti, soya au pamba.

Soma chupa vizuri. Mengi yanayouzwa kwa jina la jumla la "mafuta ya kula" ni mawese yaliyosafishwa. Na alizeti ya kukamua mitaani, ile yenye rangi nzito na mashapo chini ya dumu, ichujwe kwanza kwa kitambaa au iachwe itulie siku mbili, utumie ya juu. Mashapo huungua na kuacha vidonda vyeusi kwenye chuma.

Mafuta ya mbegu za kitani husifiwa sana mitandaoni kwa sababu hukauka kuliko yote. Ngozi yake hupendeza kama kioo, kisha baada ya miezi michache hubanduka magamba. Usihangaike kuyatafuta.

Kukiandaa kipya

Chuma kipya hutoka kiwandani na nta, grisi au rangi ya kukilinda na kutu safarini. Vyote hivyo viondoke.

Chemsha maji, weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na usugue ndani na nje kwa waya wa kusugulia sufuria. Waya unaruhusiwa hapa, na baadaye wakati wa kukifufua kikiharibika tu, si kwa usafi wa kila siku. Ukiona maji yanatoka na rangi nyeusi kama wino, ni rangi iliyopakwa. Endelea mpaka yatoke meupe. Rangi ikigoma kabisa, nenda kwenye sehemu ya kukivua ngozi mbele huko. Ndani ya vishimo, zungushia waya kwenye kidole gumba ufuate mduara. Ukisugua juu juu utaacha chini vilevile.

Kisuuze, kikaushe kwa kitambaa, na papo hapo kiweke kwenye moto mdogo dakika 10. Chuma kilicho uchi huanza kutu kwa dakika chache tu, hasa Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko ambako hewa ina unyevu na chumvi. Ukikiacha juani "kikauke" utarudi ukikute cha rangi ya chungwa.

Kukiivisha kwa mkaa

Fanyia nje. Kutakuwa na moshi mwingi, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Washa jiko, subiri mkaa wote ushike na kufunikwa na majivu meupe, kama dakika 20 hadi 30. Mkaa ambao bado unatoa moshi wake utakipaka chuma masizi, na masizi yakiingia kati ya mafuta na chuma, ngozi haitashika. Kuni hazifai kwa sababu hiyo hiyo.

Kipashe chuma mpaka kiwe cha moto wa kushikika kwa kitambaa, kiasi cha pasi iliyoanza kupoa. Mimina mafuta nusu kijiko cha chai. Ndiyo, nusu, kwa chuma kizima cha vishimo saba. Yapake kila mahali: ndani ya vishimo, juu, chini, kwenye mpini wa chuma. Tumia kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Kipande cha khanga kuukuu kinafaa kuliko tishu.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na karibu kila chuma kinachonata kilinata kwa ajili yake. Chukua kitambaa kingine kikavu, uyafute yale mafuta yote kana kwamba uliyamwaga kwa bahati mbaya. Futa mpaka chuma kionekane kikavu. Hakitakuwa kikavu, kutakuwa kumebaki utando usioonekana kwa macho, na huo ndio unaotakiwa. Katika vishimo futa mara mbili, kwa sababu mafuta huteremka yakajikusanya kitakoni.

Kigeuze kifudifudi juu ya jiko, migongo ya vishimo ikitazama juu, ili tone lililosalia lining'inie ukingoni badala ya kutulia ndani. Kisha kipalie: funika kwa sinia la chuma au mfuniko mkuukuu wa sufuria, na juu yake weka makaa machache ya moto, kama unavyopika mkate wa kumimina. Moto wa chini uwe wa wastani, wa juu uwe mwingi kidogo. Usitumie kipande cha bati la paa. Lina zinki, na moshi wa zinki ukiungua si wa kuvuta.

Baada ya dakika chache moshi utaanza. Uache. Utakapokoma kabisa, mafuta yameiva. Kwa kawaida ni dakika 40 hadi saa nzima. Ukikosa uhakika wa joto, gusisha unga wa ngano kidogo sana kwenye mgongo wa kishimo: ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja hivi, joto linatosha. Ukibaki mweupe, ongeza makaa. Ukiwa mweusi mara moja, punguza, kwani moto uliopita kiasi huichoma ngozi ikawa majivu.

Acha kipoe chenyewe juu ya jiko linalozima. Ngozi ya kwanza itakuwa na rangi ya chai ya rangi, pengine yenye mawimbi. Usiogope. Rudia yote, kupaka, kufuta, kupalia, mara tatu kwa tawa la chapati, mara nne au tano kwa chuma cha vitumbua. Si lazima iwe siku moja. Kila utando utakiongezea weusi kidogo, lakini weusi wenyewe wa makaa huja kwa kupikia wiki kadhaa. Anayetaka upatikane leo hupaka mafuta mengi, na anaishia na gundi.

Mwenye oveni ana kazi nyepesi: nyuzijoto 230 hadi 250, chuma kifudifudi, sinia chini kwa ajili ya matone, saa moja, kisha zima na ukiache ndani mpaka kipoe. Madirisha yafunguliwe.

Kwa jiko la gesi peke yake inawezekana, ila matokeo hayalingani. Moto wa gesi ni pete; vishimo vilivyo juu ya pete huiva, vingine hubaki. Weka moto wa chini hadi wastani na ukisogeze chuma kila baada ya dakika tano ili kila kishimo kipate zamu yake juu ya moto, kisha kigeuze ufanye upande wa pili. Hesabu dakika 30 kwa kila utando, na usiondoke jikoni.

Mapishi ya kwanza

Usikianze kwa vitumbua vya sukari. Sukari ikigusa ngozi changa huyeyuka, huungua, na kutengeneza lami. Wiki ya kwanza kikaangie vitu vikavu vyenye mafuta: bajia, viazi vilivyokatwa vidogo, au vitumbua vya chumvi visivyo na sukari. Kila upishi wa mafuta unaongeza ngozi.

Siku ya vitumbua ikifika, kipashe polepole. Chuma cha kusubu husambaza joto taratibu kuliko alumini, kisha hulihifadhi kwa muda mrefu. Ndiyo maana hupika kitumbua kwa usawa, na ndiyo maana hakitaki haraka. Dakika 8 hadi 10 kwa moto wa wastani, ukikizungusha. Kukiweka ghafla kwenye moto mkali kunaweza kukipasua, maana chuma cha aina hii kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4, na ugumu wake ni wa kuvunjika kama kigae.

Dondosha tone la maji. Likichemka na kutulia pale pale, bado. Likijikunja kuwa shanga na kukimbia kimbia, chuma kiko tayari. Tia mafuta nusu kijiko cha chai kwa kila kishimo kwa duru ya kwanza, robo kwa zinazofuata, yapate joto sekunde 20, ndipo umimine rojo mpaka robo tatu ya kishimo. Lazima lilie likigusa mafuta. Rojo likiingia kimya, maji yake hugusa chuma kabla gamba halijafanyika, wanga hukamata, na hapo hata chuma cha bibi hakitakuokoa.

Kisha mikono mbali. Kitumbua kinachoivia huanza kwa kushika. Gamba likishakauka husinyaa na kujiachia. Ukikichokonoa kabla ya dakika mbili utakirarua na kuacha mabaki ambayo kitumbua kijacho kitayashika. Pembe zikigeuka kahawia, kijiti pembeni, na kigeuke chenyewe.

Sukari nusu kikombe kwa vikombe viwili vya mchele inatosha. Ukifika kikombe kizima, kila duru itaacha utepe mweusi ukingoni. Weka karibu kijiti kilichofungwa kitambaa cha pamba, ukichovye kwenye mafuta, na uvipanguse vishimo kila baada ya duru mbili tatu wakati chuma kikiwa cha moto. Kazi ya sekunde kumi, na ndiyo inayotenganisha vitumbua vya mwisho na vya kwanza.

Kukisafisha kila siku

Kiache kipungue moto, lakini kisipoe kabisa. Usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Mlio ule unaousikia ni wa maji yanayogeuka mvuke huku chuma kikisinyaa upande mmoja, na siku moja utafuatiwa na ufa.

Mara nyingi kitambaa kikavu kinatosha. Pakiwa na mabaki, tia chumvi ya mawe kijiko kimoja cha chakula na matone ya mafuta, sugua kwa kitambaa, mwaga. Chumvi haiivishi chuma, ingawa wengine huamini hivyo. Kazi yake ni kukwangua bila kuumiza. Pakiwa na kilichogandia, tia maji, yachemke dakika tatu hadi tano, kisha kwangua kwa ncha ya mwiko.

Sabuni ya maji kidogo haina neno. Sabuni ya mche ina makali ya magadi, hivyo itumie kwa nadra na usiiache ikalala. Majivu ndiyo adui hasa: yana chumvi za alkali zinazoyeyusha mafuta yaliyoiva, sawasawa na kazi zinayoifanya kwenye sufuria yenye mafuta. Na mchanga hukwaruza mpaka chuma cheupe. Hapa msemo wa kitumbua kuingia mchanga unakuwa wa kweli kabisa.

Usikiloweke, hata kwa nusu saa. Baada ya maji, kirudishe motoni dakika tatu mpaka unyevu wote utoke vishimoni, paka matone mawili matatu ya mafuta, futa, basi.

Karai la chuma lisipikiwe mchuzi wa ukwaju, nyanya au ndimu kwa muda mrefu. Tindikali hula ngozi, na chakula hupata ladha ya msumari na rangi ya kijivu. Kukaangia nyanya dakika kumi kwenye karai lililokomaa hakuna shida. Kuacha mchuzi ulale humo mpaka kesho kuna shida.

Kinapoharibika

Kinanata kidoleni kama asali iliyokauka: mafuta yalikuwa mengi au joto lilikuwa dogo. Kipalie tena saa nzima bila kuongeza mafuta, kifudifudi. Unataji ukibaki kitakoni mwa vishimo tu, futa kwa chumvi ya mawe na mafuta ya moto, kisha rudia. Usipake utando mwingine juu ya unaonata, utazidisha tatizo.

Kinatoa magamba meusi kwenye chakula: ama ngozi ilipakwa nene, ama kuna sukari na wanga ulioungua ukajipanga juu yake. Chukua waya, ondoa kila kinachobanduka mpaka ufikie kinachong'ang'ania, osha, kausha, paka tando mbili mpya. Si lazima kuanza upya chote.

Kishimo kimoja tu kinashika, vingine vizuri: mara nyingi ni kile cha katikati, ambacho kwenye jiko la mkaa hupata moto mwingi kuliko vya pembeni na ngozi yake huungua. Panga mkaa wako uwe mwembamba katikati. Kishimo chenyewe kisugue kwa chumvi, ukikipake mafuta na kukifuta kila baada ya kupika kwa wiki moja, kitawafikia wenzake.

Kina harufu ya mafuta yaliyooza: kilihifadhiwa na mafuta mabichi. Pasha mpaka kitoe moshi, futa.

Kutu

Kutu ya vumbi, ile ya rangi ya chungwa inayotoka kwa kidole, isugue kwa kitambaa chenye mafuta na chumvi, ukaushe motoni, upake utando mmoja. Robo saa, umemaliza.

Kutu iliyokula inataka siki. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, kiasi cha kukifunika chuma ndani ya beseni la plastiki, na ukiloweke dakika 30. Kitoe, sugua kwa waya, kitazame. Bado? Rudisha dakika 30 nyingine. Usikilaze usiku kucha, kwa sababu siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe na kukiachia vishimo vishimo vya ndui. Baada yake kisuuze kwa lita mbili za maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha chakula cha magadi, yale yale ya kulainishia maharage, ili kuua tindikali iliyobaki kwenye vinyweleo. Maji safi, kitambaa, moto, mafuta, bila kupumzika katikati. Halafu kiivishe kama kipya.

Kukivua ngozi yote

Chuma cha mitumba au cha urithi chenye lami ya miaka, ama kipya chenye rangi isiyotoka, huvuliwa kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Hii dawa ni kali: inaunguza ngozi na inapofusha. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani, fanyia nje, mbali na watoto na kuku.

Katika ndoo ya plastiki weka maji baridi lita 10, kisha tia kostiki gramu 250 kidogo kidogo ukikoroga kwa mti. Dawa ndiyo huingia kwenye maji. Maji yakimwagwa juu ya dawa huchemka na kurukia uso. Tumbukiza chuma taratibu, funika, acha siku moja hadi tatu. Lami italainika na kutoka kwa brashi. Chombo cha alumini kisikaribie ndoo hiyo, kwani kitachemka na kutoa gesi inayowaka. Wala usimimine siki humo. Ukishamaliza, suuza chuma kwa maji mengi, kiloweke dakika 10 kwenye siki na maji kwa kipimo kile kile, suuza tena, kausha motoni, na anza kuivisha.

Wapo wanaokitupa chuma katikati ya moto wa kuni usiku kucha ili lami iungue. Lami huungua kweli. Lakini chuma kikifika kuwa chekundu kinaweza kupinda au kupasuka, na kinaweza kutoka na rangi ya kutu nyekundu isiyokubali mafuta kamwe. Kwa chombo cha bibi, ni kamari mbaya.

Kukihifadhi

Chuma kinachotumika kila asubuhi hakihitaji mengi: kisikae chini ya sinki, kisifunikwe kikiwa na joto, kisiwekewe mfuniko usiopitisha hewa. Kining'inize, au kiweke juu ya kabati.

Kinachotoka mara chache, kama vile Ramadhani hadi Ramadhani, kipashe kwanza mpaka kikauke kabisa, paka mafuta na kuyafuta kama unayeivisha, acha kipoe, kifunge kwenye kitambaa cha pamba au karatasi ya khaki. Mfuko wa plastiki hapana. Hufungia jasho ndani. Ukivipanga vyuma viwili, weka kitambaa katikati. Pwani kikague kila mwezi. Bara, Dodoma au Nakuru ambako hewa ni kavu, hata miezi mitatu sawa. Kabla ya kukitumia tena, kipashe, kifute, na upike duru ya kwanza ya kitumbua kimoja kimoja cha majaribio.

Chuma kilichopata ufa unaopita kutoka kishimo hadi kishimo hakitengenezeki nyumbani. Kuchomelea kwa fundi wa kawaida hukipasua pembeni ya pale alipochomelea, mara nyingi hata kabla hakijapoa. Kipime kwa kukijaza maji juu ya gazeti kavu: gazeti likilowa baada ya dakika kumi, kipeleke kwa wauza chuma chakavu. Likibaki kavu, na mlio wake kwa funguo bado ni wa kengele, mstari uliouona ni mkwaruzo wa kalibu tu.